Taa ya eabagi: kuisaka hitilafu bila kuidanganya kompyuta ya gari

Geuza ufunguo bila kuwasha injini, kisha utazame dashibodi. Miongoni mwa taa zitakazowaka kuna moja yenye picha ya mtu aliyeketi, mkanda kifuani, na duara kama mpira mbele ya uso wake. Katika magari mengine ni herufi tu, SRS au AIRBAG. Taa hiyo huwaka kwa sekunde sita hivi, halafu huzimika yenyewe. Katika sekunde hizo kompyuta ya eabagi, yaani mfuko wa hewa unaomkinga mtu gari likigonga, inapiga hodi kwenye kila mlango wake, mmoja baada ya mwingine, ikisikiliza kama kuna mtu ndani. Ikiitikiwa kote, taa inazimika. Ikikosa jibu mlango mmoja tu, taa inabaki.

Nimeshughulika na umeme wa magari hapa Nairobi kwa miaka mingi, kwanza kwenye vibanda vya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, na sasa Industrial Area. Sijaona taa inayodharauliwa kama hii. Taa ya joto la injini ikiwaka, mtu anasimama papo hapo kando ya Jogoo Road. Ya oili ikiwaka, anapiga simu huku sauti inatetemeka. Ya eabagi inakaa miezi sita, mwaka, hata miaka miwili, kwa sababu gari linatembea. Kweli linatembea. Eabagi haina kazi katika mwendo wa gari. Kazi yake ni ya siku moja, na siku hiyo haitoi ilani.

Juzi mama mmoja wa Umoja aliniletea gari lake dogo la Kijapani.

"Fundi, taa hii nimeambiwa ni taa tu, nisijali," akasema. "Lakini sasa honi nayo imeanza kugoma nikikata kona. Naomba unitazamie."

"Ilianza lini, mama?"

"Taa, tangu Pasaka. Honi ni wiki hii."

Taa na honi kwa pamoja, tena wakati wa kukata kona. Hapo nilikuwa nimeshajua pa kuanzia kutafuta, lakini kujua pa kuanzia si kujua ugonjwa. Ili ieleweke kwa nini nilichukua nusu siku nzima badala ya kufuta msimbo, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta huiweka kumbukumbuni, na kumrudishia ufunguo, lazima kwanza nieleze saketi yenyewe.

Nyuma ya jalada la katikati ya usukani kuna mfuko wa kitambaa uliokunjwa, na nyuma ya mfuko kuna kopo la chuma lenye dawa inayogeuka gesi ikiungua. Ndani ya kopo hilo kuna kiberiti cha umeme: kijiwaya chembamba kilichozungukwa na baruti kidogo. Nyaya mbili zinatoka kwenye kiberiti hadi kwenye kompyuta ya eabagi, ambayo kwa kawaida imefungwa kwa boliti sakafuni, katikati ya gari, chini ya dashibodi au karibu na mti wa gia. Gari likigonga, vihisi vilivyo mbele pamoja na kile kilicho ndani ya kompyuta vinapima jinsi mwendo ulivyokatika. Kompyuta ikiridhika kwamba huu si mshtuko wa shimo wala tuta, inapeleka mkondo. Kwa viberiti vingi, ampea 1.2 kwa milisekunde 2 zinatosha. Mfuko unajaa ndani ya milisekunde 30 hivi, na jicho haliwahi hata kufumba na kufumbua.

Sasa fikiria shida ya mhandisi aliyebuni kitu hiki. Kiberiti kinawaka mara moja tu maishani. Utajuaje kwamba ni kizima bila kukiwasha? Jibu lake lilikuwa ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Kompyuta inapitisha mkondo mdogo mno, usioweza kupasha moto kile kijiwaya, kisha inapima njia nzima kwenda na kurudi. Kiberiti kizima kina omu 2 au 3 hivi. Kwa hiyo kompyuta haimuoni dereva, haiuoni mfuko, haiioni baruti. Inachokiona ni namba hiyo tu. Mambo karibu yote nitakayosema hapa chini, ya kheri na ya shari, yanatokana na hilo.

Namba ikipanda sana, njia imekatika mahali. Ikishuka karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana kabla ya kufika kwenye kiberiti. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi ya gari, hilo ni kosa la tatu. Ukigusa waya wenye umeme wa betri, ni la nne na ndilo la kutisha zaidi. Katika Toyota nyingi makosa hayo kwa upande wa dereva yana misimbo ya kufuatana: B1800 ni nyaya kugusana, B1801 ni njia kukatika, B1802 ni kugusa bodi, B1803 ni kugusa umeme wa betri. Upande wa abiria mpango ni uleule, kuanzia B1805 hadi B1808. Herufi B ni ya vifaa vya bodi, kama P ilivyo ya injini. Ndiyo maana kile kidude cha bei nafuu cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kwa simu mara nyingi kitakuambia gari halina tatizo huku taa nyekundu inakutazama usoni: kimeangalia injini, hakikuingia kwenye kompyuta ya eabagi.

Angalia tena ukubwa wa namba hizo. Taa ya breki haitajali omu moja ikiongezeka njiani. Itafifia kidogo, basi. Kwa saketi ya omu 2, omu moja au mbili za ziada ni jambo kubwa, na kutu kidogo kwenye ncha ya konekta, ile plagi ya kuunga nyaya, inatosha kuzileta. Ndiyo sababu ncha za konekta za eabagi mara nyingi hupakwa dhahabu, na ndiyo sababu makosa mengi ninayoyakuta hayamo kwenye eabagi yenyewe wala kwenye kompyuta. Yamo kwenye maungio.

Na maungio yanayoteseka kuliko yote Nairobi yako chini ya viti vya mbele. Inama utazame: utaona konekta za manjano, za eabagi ya ubavuni iliyofichwa ndani ya kiti, za kifaa cha kukaza mkanda, na katika magari mengine za kihisi cha uzito wa abiria. Manjano ndiyo rangi ya saketi hii, na maana yake ni usiguse kama hujui. Hapo chini ndipo tunaposukuma chupa za maji, mwavuli, viatu vya kuendeshea na jeki. Ndipo kijana wa kuosha magari anapoingiza mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Ndipo fundi wa kushona viti anapochomoa haraka ili atoe kiti, halafu akarudisha bila kusikia ule mlio mdogo wa konekta kujifunga. Tena, kwa kuwa nimewataja: kiti chenye eabagi ya ubavuni hakifai kushonewa gamba zito linalofunika ubavu wote. Mfuko unatokea pale kwenye mshono wa pembeni. Ukiuziba, utaupa kazi ya kupasua ngozi mpya wakati ulipaswa kuwa umeshafika kwenye mbavu zako.

Maji ni chanzo kingine. Kwa kuwa kompyuta iko sakafuni, maji yakiingia garini, hata ya kufika kifundo cha mguu tu, yameshaifikia. Baada ya mafuriko ya masika ya 2024 zulia la juu lilikauka kwa siku mbili za jua, lakini sufi iliyo chini yake inashika maji kwa majuma. Unapoifunua unakuta ncha za konekta zimeota ukungu wa kijani. Kompyuta ya namna hiyo haianikwi juani na kurudishwa kazini. Inabadilishwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa itaamua nini ndani ya zile milisekunde chache.

Betri dhaifu nayo huwasha taa hii, na inapaswa kupimwa kabla ya kufungua chochote. Ikiwa imetulia, betri nzima yenye chaji huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Nimeshaona watu wakiuziwa kompyuta ya eabagi kumbe shida ilikuwa betri iliyochoka.

Kabla sijarudi kwa gari la mama, kuna mambo mawili ambayo simruhusu mwanafunzi wangu kuyasahau hata akiwa na haraka gani.

La kwanza ni kungoja. Unatoa kichwa cha hasi cha betri, kisha unakaa. Toyota inataka sekunde 90 angalau, na watengenezaji wengine wanataka dakika 3. Sababu ni kwamba kompyuta ya eabagi ina akiba yake ya umeme ndani ya kapasita, makusudi kabisa, ili betri ikipondwa kwenye ajali mfuko bado uwake. Akiba hiyo haijui kwamba wewe ni fundi. Mimi hungoja dakika 10, nikaenda kunywa chai.

La pili ni mita, kile kifaa cha kupimia umeme. Usipime kamwe ukinzani wa eabagi kwa mita ya kawaida. Mita hupima kwa kupitisha mkondo wake yenyewe, na hujui ni mkubwa kiasi gani, wala kama betri yake na swichi yake ni nzima. Nimewaona vijana hodari, wenye mikono mizuri kuliko yangu, wakigusisha waya za mita kwenye konekta ya manjano huku uso uko juu ya usukani. Nikiwaona napiga kelele, na sitaacha.

Haya, gari la mama. Nilipochomeka skana, kifaa cha kusoma misimbo ya kompyuta, msimbo ulikuwa mmoja: saketi ya dereva, njia imekatika. Lakini skana iliuweka kwenye historia, yaani kosa lililowahi kutokea ambalo kwa dakika hiyo halikuwepo. Magurudumu yalikuwa yamenyooka. Mwanafunzi wangu alikuwa tayari na kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Futa," nikamwambia, "lakini usimwite mwenye gari. Zungusha usukani kushoto, polepole."

Alipofika robo tatu ya mzunguko wa pili, taa ikawaka. Akabonyeza honi: kimya. Akarudisha usukani katikati, honi ikalia.

Kati ya usukani unaozunguka na nguzo isiyozunguka kuna kifaa cha duara, bapa, chenye ukubwa wa sahani ndogo. Mafundi tunakiita kloki-springi. Ndani yake kuna utepe mrefu wa plastiki wenye njia nyembamba za shaba, umejikunja kama springi ya saa. Ukizungusha usukani, utepe unajikaza au kujilegeza, na umeme unaendelea kupita. Njia za eabagi zimo humo, na mara nyingi za honi na vitufe vya redio vilevile. Kwa hiyo honi inayokufa pamoja na taa ya eabagi inaelekeza kidole hapo. Inaelekeza tu. Honi ina magonjwa yake mengine, na sikutaka kumuuzia mama kifaa kwa kubahatisha.

Tukatoa betri, tukangoja, kisha tukaitoa eabagi: boliti mbili pembeni mwa usukani, jalada likalegea, na nyuma yake konekta ya manjano yenye kifungo kidogo cha kunyanyuliwa kwa bisibisi nyembamba. Ndani ya konekta hizi kuna kipande cha shaba kinachojibana ukizichomoa, kikaunganisha njia mbili za kiberiti ili umeme wa kupotea usipate pa kupita. Eabagi nikaibeba uso wake ukitazama mbali nami, nikailaza mezani uso ukiwa juu. Ikiwaka katika hali hiyo, mfuko utapanda hewani. Ikiwekwa kifudifudi, ni kopo la chuma ndilo litakaloruka.

Mahali pa eabagi nikachomeka rezista ya omu 2, kijidude cha umeme chenye ukinzani uliopangwa. Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu rezista hii hii nitaisema vibaya baadaye. Katika mikono ya upimaji ni chombo halali: inajifanya kiberiti kwa dakika chache, ili tujue kama kosa liko kwenye eabagi au kwenye njia ya kuifikia. Tukarudisha betri, hakuna mtu ndani ya gari mpaka taa ilipomaliza kujikagua, tukafuta msimbo, tukazungusha usukani. Taa ikawaka tena palepale. Basi eabagi haina kosa.

Tukarudia yote, betri, chai, kisha nikaihamisha rezista hadi kwenye konekta iliyo chini ya nguzo ya usukani, upande wa pili wa kloki-springi. Nikazungusha mpaka mwisho wa kushoto, mpaka mwisho wa kulia, mara kumi. Taa haikuwaka. Kati ya sehemu mbili nilizojaribu kulikuwa na kitu kimoja tu: kloki-springi.

Sasa, kifaa kikiwa kimetolewa na hakijaungwa popote, mita inaruhusiwa. Hapa kuna mtego mmoja: usipime kati ya njia mbili upande uleule, kile kipande cha shaba ndani ya konekta kitakuonyesha sifuri hata kama utepe umekatika. Pima kila njia peke yake, ncha hadi ncha. Njia moja ilisoma omu 0.4. Nyingine ilisoma hivyo hivyo, mpaka nilipozungusha. Namba zikarukaruka, kisha mita ikaonyesha njia imekatika. Tulipofungua kile kisahani tukauona utepe umekunjika vibaya sehemu moja, mkunjo mkali kama wa karatasi, na juu ya shaba kuna doa jeusi mahali ilipopasuka.

Nikamuuliza mama kama usukani uliwahi kufunguliwa. Akakumbuka: mwanzo wa mwaka alibadilishiwa raki ya usukani, ile sehemu inayogeuza magurudumu, kwenye gereji moja mtaani. Hiyo ndiyo hadithi ninayokutana nayo mara nyingi. Ukiachanisha nguzo ya usukani na raki, usukani unabaki huru, na mtu akiuzungusha, hata kwa mzaha, utepe unajikaza kupita kiasi. Au unarudishwa bila kuwa katikati: kushoto una nafasi ya kutosha, kulia umeishiwa. Unaweza kuvumilia miezi, kisha ukapasuka siku unapoegesha sokoni.

Utepe huo haulehemiwi. Nimeona watu wakijaribu, na kiungo kinadumu mpaka kona ya tatu. Kinawekwa kifaa kipya, na kabla ya kufunga unahakikisha magurudumu yamenyooka, unazungusha kifaa taratibu kinyume cha saa mpaka kigome chenyewe, kisha unakirudisha hadi alama zikutane, mara nyingi mizunguko miwili na nusu hivi, ingawa kila modeli ina hesabu yake na inafaa kuifuata hiyo. Kwa nyaya za manjano zilizochubuka ni vivyo hivyo: usisokote kwa vidole na kufunga tepu nyeusi, namna tunavyozoea kuunga nyaya za redio. Kiungo cha kusokota kinaota kutu, kutu inaongeza omu, na omu ndizo kompyuta inazohesabu. Baadhi ya watengenezaji wanakubali waya kuungwa kwa vijibomba maalumu vya chuma vya kubana. Wengine wanataka kitita kizima cha nyaya kibadilishwe. Soma kitabu cha gari hilo.

Kifaa kipya kilichukua siku mbili kupatikana. Katika siku hizo mama aliniuliza swali linaloulizwa na wengi: si kuna njia ya kuizima taa tu, mradi nijue mwenyewe kwamba eabagi haifanyi kazi?

Njia zipo, na nitazitaja ili uzitambue ukizikuta kwenye gari unalotaka kununua.

Mwaka jana ndugu mmoja alinipa kazi ya kufunga redio. Gari lilikuwa limetoka bazaa ya magari wiki ile, safi, dashibodi inang'aa, taa ya eabagi inawaka na kuzimika inavyotakiwa. Nilipotoa kisanduku cha mbele ya abiria ili nipitishe waya, mkono wangu ukagusa kitu kilichofungwa tepu. Nikaifungua. Rezista ndogo, mistari yake nyekundu, nyekundu, dhahabu, dhahabu: omu 2.2. Ilikuwa imechomekwa kwenye konekta ya manjano kwa ustadi kabisa. Nikaangaza tochi juu, mahali eabagi ya abiria inapokaa. Palikuwa na tundu. Hakuna mfuko, hakuna kopo, ni dashibodi iliyobandikwa upya juu ya utupu. Gari hilo lilikuwa limeshagonga huko lilikotoka au hapa kwetu, eabagi ikalipuka, na mtu akaona ni rahisi kununua rezista ya shilingi chache kuliko eabagi. Kompyuta ilipiga hodi, ikasikia omu 2.2, ikaamini kuna mtu nyumbani.

Nilimpigia simu mwenye gari aje aone kwa macho yake. Alinyamaza kwa muda, akaniambia mke wake ndiye huketi hapo.

Njia ya pili ni kutoa balbu, au kuibandika tepu kwa ndani. Ndiyo maana taa ambayo haiwaki kabisa unapogeuza ufunguo inanitia hofu kuliko inayowaka daima. Ya tatu ni ya ujanja zaidi: taa ya eabagi inaungwa na ya oili au ya chaji, ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Hii inagunduliwa bila kifaa chochote. Geuza ufunguo, usiwashe injini, uhesabu mpaka ishirini. Taa za oili na chaji zitabaki kwa sababu injini haijawaka. Ya eabagi inapaswa kuwa imeshazimika peke yake baada ya zile sekunde sita hivi. Kama inangoja injini ingurume ndipo izimike nayo, usilipe hata shilingi ya amana.

Baada ya eabagi kulipuka, kompyuta huandika kumbukumbu ya ajali ambayo skana ya kawaida haiwezi kuifuta, na watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe, pamoja na vihisi vya mbele na vifaa vya kukaza mikanda vilivyowaka. Ni gharama, silifichi hilo. Spea zilizotumika zipo tele mjini, na hapo nina ombi moja. Usinunue eabagi bila kujua ilitoka gari gani. Sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane haiizuii eabagi ya gari la miaka kumi na tano kuning'inia kwenye ukuta wa kibanda.

Na hapa taa yenyewe ina mpaka wa uwezo wake. Eabagi za kampuni ya Takata ya Japani, zilizowekwa katika Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na nyingine nyingi, zilitumia nitrati ya amonia kuzalisha gesi. Baada ya miaka ya joto na unyevu, dawa hiyo inaweza kuharibika na kuungua kwa nguvu kupita kiasi, hata kopo lenyewe likapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa ajali ambazo zingewaacha na michubuko tu. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Kiberiti cha eabagi kama hiyo kinaweza kusoma omu 2 kamili. Taa itazimika baada ya sekunde sita, kwa sababu inapima umeme, haipimi baruti. Kama gari lako ni la miaka ya kabla ya Takata kufilisika, na hasa kama limeishi Mombasa au pwani nyingine yenye joto na unyevu, tazama nambari ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji wake ujue kama limeitwa, na kama liliitwa, kama kazi ilifanyika.

Mama alirudi Alhamisi jioni. Nilimpa kile kisahani cha zamani akishike, nikamwonyesha doa jeusi kwenye utepe. Kisha nikamwomba aketi nyuma ya usukani, kiti kikiwa nyuma kiasi cha kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua chake na jalada, kwa sababu alikuwa amezoea kukaa karibu mno. Akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Akahesabu kwa sauti. Alipofika sita taa ikazimika. Akawasha injini, akazungusha usukani kushoto hadi mwisho, akakodolea macho dashibodi, akazungusha kulia hadi mwisho, kisha usukani ukiwa umekata kona kabisa akapiga honi ndefu, mafundi wa kibanda cha pili wakageuka wote.